Chaki ya Mjomba Mfagizi

Mfagizi wa shule yetu, ambaye watoto humwita Mjomba Chaki, hufagia ua kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika kipande cha chaki alichookota darasani kwangu. Kila mmea uliochomoza kwenye ufa wa saruji anauzungushia mduara, na kila msafara wa sisimizi anauchorea kivuko cha pundamilia, kisha anaita kwa sauti yake ya kukwaruza, "Njooni muwaone majirani!" Watoto hao, mbio, magoti chini, makalio juu, wakicheka hadi kengele igongwe mara ya pili.

Jana mwalimu mkuu alikuja na fundi na ndoo ya saruji, ili kuziba nyufa zote. "Mwalimu, simama hapo hapo!" Mjomba akapaza sauti, ufagio kaunyoosha kama kizuizi. Mwalimu mkuu, mama wa watu, akabaki mguu mmoja hewani, kamng'ang'ania fundi bega, huku sisimizi wakivuka na bawa la nzi. Watoto wameziba midomo, mabega yanatikisika.

"Haya, pita."

Akashusha mguu taratibu. Akaitazama miduara yote ile, kisha akanyoosha mkono.

"Lete chaki. Mmea huu hapa umeusahau."