Mkora Aliyempigia Wamaitha

Wamaitha wa Kabazi hakuwa mtu wa kuibiwa kwa simu. Tangu jirani yake atume pesa kwa sauti iliyojiita mpwa wake aliyekwama hospitalini, Wamaitha alijifanya mwalimu wa kijiji kizima kuhusu wakora. Alifundisha baada ya ibada, alifundisha kwenye foleni ya kusaga mahindi posho mill, na akina mama wa ushirika wa kanisa, ambao yeye ndiye chairlady wao, walilisikia somo hilo hadi likawachosha. Mkora, alisema, hukuita mama. Mkora hukuomba usikate simu.

Basi siku mwanamke mwenye sauti laini alipompigia na kusema, "Hii ni huduma ya ukalimani wa simu, tafadhali usikate. Mama, ni mimi, Jamleck," Wamaitha aliguna kwa dharau na kukata, na kila alipopigiwa tena akakata tena. Jamleck ni kitindamimba wake, anapanga maua kwenye shamba moja karibu na Karagita, na tangu azaliwe hajasikia wala kutamka neno. Wakora wa siku hizi ni wavivu, aliwaambia kuku wake. Hata hawaulizi kwanza ni mtoto yupi anayeongea.

Sauti ile ilikuwa ya Linah, mkalimani wa lugha ya ishara katika ofisi moja mjini Nakuru. Jamleck alikuwa kwenye skrini mbele yake akiongea kwa mikono, na Linah akimtolea sauti. Mpango wenyewe ulikuwa wa majaribio, pesa zake zikitoka kwenye mfuko unaochangiwa na kampuni za simu, na wakubwa walioutungia kanuni walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa mama. Kanuni zilitaka mkalimani aseme "mimi" kama vile yeye ndiye mpigaji. Asiongeze, asipunguze, asijieleze. Na ofisi ililipwa tu kwa simu zilizovuka dakika moja. Za Wamaitha hazikuvuka hata siku moja, kwa hiyo katika ripoti zilizokwenda Nairobi, Jamleck hakuwa amewahi kumpigia mama yake.

Naye alikuwa na neno kubwa. Alikuwa amepata mchumba, Cheptanui, na Jumamosi watu wa msichana huko Mau Narok walikuwa wakimngoja aje na mzazi wake. Ruhusa kazini alikuwa amepewa ya siku hiyo tu, kwa hiyo kwenda Kabazi mwenyewe hakungewezekana. Meseji nayo haingefaa. Wamaitha husomewa meseji na Kui, katibu wa ushirika, na neno likishapita kwa Kui limepita kwa Subukia nzima.

Alhamisi simu ililia tena, akina mama wakiwa wamejaa sebuleni kwa Wamaitha na vikombe vya chai mikononi.

"Ni yule mkora wangu," alisema, karibu kwa fahari.

"Weka loud," Kui akamwambia. "Leo tumskie sisi wote."

Akaweka. Sauti ikaanza na utangulizi wake, kisha ikasema, "Mama, ni mimi, Jamleck. Usikate, tafadhali."

"Sawa. Jamleck wangu ananiita jina moja tu tangu akiwa mdogo. Hebu niambie ni gani."

Aliuliza kwa mbwembwe, akiwakonyeza wenzake. Ni baada ya swali kumtoka ndipo alipolikumbuka jibu, na chai ikamgeuka mdomoni. Jamleck humwita mama yake kwa kubana pua na kurusha kichwa nyuma.

Kisha sauti laini, iliyokatazwa kuongeza wala kupunguza, ikasema, "Nakuita Mvuta Ugoro."

Huyu ndiye chairlady aliyemsimamisha mama mwenzao katika ushirika mwaka jana kwa sababu ya ugoro huohuo. Kui ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, mpaka mmoja akamwaga chai.

Kidole cha Wamaitha kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Alihitaji kusema tu kwamba mmeona wenyewe, huyu ni mwongo. Angekata, angebaki na cheo chake, na mkora angebaki mkora. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na kwa dakika hiyo alimkasirikia mwanawe kwa moyo wake wote.

"Mkalimani ananiambia kuna watu wanacheka," sauti ikasema. "Mama, wanacheka nini?"

Swali hilo alilijua. Ameulizwa kwa mikono miaka nenda miaka rudi, sokoni, kanisani, kwenye lango la shule, kila watu walipomtazama mtoto na kucheka. Kila mara alitikisa kichwa kumwonyesha kuwa si kitu, kisha akamshika mkono wakaenda zao.

Aliondoa kidole kwenye kitufe.

"Wananicheka mimi," alisema. "Na ni wewe umewachekesha, mwanangu. Haya, ongea. Tunakuskia."