Wakala wa Cherehani

Miaka ile nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Baba alikuwa na kibanda cha kutengeneza cherehani Kariakoo, upande wa Msimbazi. Mabenki na majumba ya watu yalikuwa yameshataifishwa, na wenye biashara waliongea kwa kunong'ona.

Siku moja akaja mgeni kutoka Ulaya. Kampuni yake ilitengeneza cherehani na ilitaka kuziuza kwetu. Wakili akamweleza njia zilizokuwapo, nami nikiandika. Angeweza kufungua tawi, lakini tawi likipata matatizo, kampuni mama ndiyo ingeshtakiwa. Angeweza kusajili kampuni mpya hapa nchini, au kuingia ubia na shirika la umma. Au angetafuta wakala, mtu wa hapa hapa, auze kwa jina lake mwenyewe.

"Serikali ikitaifisha?" mgeni akauliza.

"Kwa wakala, nyinyi hamna cha kutaifishwa," wakili akajibu. "Akishanunua mzigo, ni wake."

Mgeni akatabasamu. Alikuwa ameshazunguka Kariakoo, na kila fundi cherehani aliyemuuliza alimwelekeza kwa mtu mmoja. Alipomtaja, nilikosea herufi kwenye taipureta. Alikuwa baba yangu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Mgeni alikuwa amempitia kibandani.

"Mwanangu, wanataka niwe wakala wao! Ila jambo moja silielewi. Kwa nini wasifungue duka lao wenyewe?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa siri ya ofisi. Nikasema sijui. Chakula kilinishinda.

Kabla hatujaondoa vyombo, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama, akapiga hodi.

"Ndugu, nasikia mzungu alikuwa kwako leo. Mna shughuli gani?"

"Cherehani tu, balozi."

"Angalia usije ukaitwa kibaraka." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotutisha. Baba alikaa akisugua magoti yake, furaha yote imemtoka.

Asubuhi niliingia kwa wakili kabla sijavua kanga ya mabegani.

"Shikamoo mzee. Huyo fundi wa Msimbazi ni baba yangu. Sijamwambia kitu. Lakini siwezi kuchapa mkataba wake nikanyamaza. Kama ni kufukuzwa, nifukuze."

Aliweka kalamu chini.

"Mgeni ndiye mteja wangu," akasema. "Siwezi kumshauri baba yako. Lakini siandiki mkataba ambao mmoja anasaini gizani. Mwambie atafute wakili wake."

Baba akampata mmoja mtaa wa pili, kijana mwenye maneno machache. Huyo akadai sharti moja tu: cherehani zibaki mali ya kampuni mpaka ziuzwe, baba achukue kamisheni. Mgeni alinuna, akatoka nje kuvuta sigara. Baba alikaa akijifuta jasho, nami nikawaza kwamba nimemharibia riziki yake. Mgeni aliporudi alisaini bila kukaa.

Biashara ilichangamka, lakini baba hakupata raha. Kila gari la serikali lilipopunguza mwendo, alisimama. Kisha ikatangazwa kwamba bidhaa za aina ile zitaagizwa na shirika la umma peke yake. Kampuni ikafunga virago. Lori likaja kuchukua cherehani zilizobaki ili zipelekwe kwa shirika.

Majirani walikusanyika kutupa pole wakidhani tumefilisika. Baba alisimama mlangoni mpaka lori likapinda kona ya kuelekea Jangwani, akaketi chini pale pale kwenye saruji. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikadhani analia, nikamwinamia.

"Hawakuchukua changu hata kimoja," akasema. "Nenda kamwambie mama yako anipakulie. Nina njaa."