Mshale Ulipogusa Nyekundu

Mdogo wangu alinipa kazi moja tu katika gari lake la mashindano: kutazama mshale. Geji yenyewe ilikuwa ndogo, ameifunga mbele ya magoti yangu, inaonyesha joto la hewa inayoingia kwenye injini.

"Dada, mshale ukigusa nyekundu sema 'achia'. Nitaachia mafuta, sitabisha."

Nilicheka. Tangu azaliwe sikuwahi kumwambia kitu asibishe.

Gari lake lilikuwa na supachaja, mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kushindilia hewa ndani kwa nguvu. Ndiyo iliyolifanya gari dogo lile lipande mlima kama limeitwa. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, injini haishibi. Joto likizidi, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinaweza kutoboka. Kwa hiyo alifunga rejeta ya ziada mbele kabisa, nyuma ya wavu wa pua ya gari, ili upepo uipoze hewa ile kabla haijaingia. Alitueleza hayo mara nyingi mezani kwetu Shume, ugali unapoa, baba anasikiliza.

Baba ameendesha lori la kabichi tangu sijazaliwa, na joto analolijua yeye ni jingine. Mwezi wa saba asubuhi Shume mtu akipumua unaona mvuke, na lori likishuka mlima injini haina kazi kubwa, inapoa mno mpaka inakohoa. Basi madereva wa kwetu hufunga kipande cha gunia mbele ya rejeta wanaposhuka. Wakifika Mombo kwenye joto, kabla hata ya chai, wanakwenda mbele ya gari kulifungua. Hakuna anayemkumbusha mwenzake.

Siku ya mashindano barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ilifungwa. Kila gari lilipanda peke yake, mara mbili, kisha muda ukajumlishwa. Watu wa timu moja kutoka mjini walikuja kutafuta dereva, na walisema wazi kwamba watamchukua wa kwanza, si mwingine. Mdogo wangu aliisubiri nafasi hiyo kwa miaka. Asipoipata, lililomngoja ni lori la baba. Hakulitaka. Nyumbani tulijua sote, na hakuna aliyethubutu kulisema mbele ya mzee.

Mara ya kwanza tulipanda vizuri ajabu. Pale Mombo tulikuwa tumelaza barafu juu ya rejeta ile, na mshale haukusogea hata tulipopita Soni. Lushoto tulikuta ukungu na manyunyu, na baba amesimama kando ya barabara ndani ya koti lake zito.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmepanda vyema."

Tulikuwa wa kwanza. Mdogo wangu aliitwa na wale wa timu, wakawa wanamshika mabega na kucheka naye. Mimi nilitaka chai. Nikamwomba baba aliangalie gari.

"Nenda mwanangu, nipo."

Niliporudi alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali. Sikuuliza. Tukashuka Mombo taratibu kwa zamu ya pili, yeye akabaki kutungoja juu.

Mombo jua lilikuwa linachoma. Hatujazima hata injini, msimamizi akaja mbio: malori ya mboga yamejazana, polisi wanataka kufungua barabara, kila gari lianze sasa hivi.

"Barafu je?" nikauliza.

"Hakuna muda, dada," mdogo wangu akajibu. "Limeshuka limepoa, ona mshale uko chini."

Kweli ulikuwa chini. Bendera ikashushwa, tukaondoka.

Kona za mwanzo hazijaisha, mshale ukaanza kupanda. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikaupiga ule mfuniko wa kioo kwa kidole, ukazidi kupanda. Kulia ukuta wa mwamba, kushoto bonde, na mimi sitazami hata kimoja.

"Unakaribia," nikasema.

"Bado."

"Umegusa. Achia!"

Hakuachia. Nilijua hataachia. Gari lilikuwa zito sasa, anakanyaga na haliitiki, injini inanguruma bila kwenda. Kisha nikaisikia ile sauti aliyonifundisha kuiogopa, kugonga kwa chuma ndani, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

"Achia, utaua injini! Achia nasema!"

Nilimpiga begani kwa ngumi. Akainua mguu.

Kutoka Soni hadi juu tulikwenda kama watu wanaopeleka mgonjwa. Nilitamani alie, au anitukane, chochote. Alitazama barabara tu. Tulipovuka mstari watu walipiga makofi ya huruma, na wale wa timu tayari walikuwa wamezunguka gari jingine.

Mdogo wangu akafungua boneti. Harufu ya gunia lililoungua ikatupiga usoni. Lilikuwa ndani ya wavu, limeifunika rejeta ya kupoza hewa pembe kwa pembe, limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili yaliyolala upande mmoja. Mafundo hayo ya baba tumeyaona tangu utotoni. Alilificha ndani ya wavu ili lisiharibu sura ya gari la mwanawe.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Mzee gani anafunga kitu kwenye gari la watu asiseme! Na hapo hapo nikamwona anakuja, anapita katikati ya watu kwa haraka, uso umejaa furaha. Hakuwa amejua matokeo. Nikafungua kinywa. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, akakanyaga kwa nguvu hasa.

"Vipi," baba akauliza, anachungulia pale mbele. "Kile kigunia kilisaidia kushuka?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika boneti kwa mikono miwili.

"Kilisaidia, baba. Halikukohoa hata kidogo."

"Si nilijua," baba akasema. Kisha akaliona gunia bado limefungwa, limeungua. Akainama. Akalishika. Vidole vyake vilitafuta yale mafundo, vikaanza kuyafungua, lakini yalikuwa yamekaza. Mdogo wangu akainama karibu naye, wakayafungua pamoja.

Mwezi ule ule mdogo wangu alianza kuendesha lori la kabichi. Baba hukaa kushoto kwake. Wakifika Mombo, mzee ndiye wa kwanza kushuka na kwenda mbele ya gari.