Nirudishieni Ndoo Yangu

Wasifu wa mama uliosomwa kanisani siku ya mazishi yake, mwezi Machi mwaka huu, ulikuwa mfupi. Ulisema Ferista alizaliwa Ibaba, akaolewa na baba yetu Osea wa Isansa, wakahamia Tunduma kutafuta maisha, akauza mchele na maharage sokoni, akaimba kwaya, akamtumikia Mungu mpaka mwisho. Yote ni kweli. Lakini mimi, Rozi, binti yake wa kwanza, nikiwa nimekaa pale mbele karibu na jeneza, nilijua kuwa ushindi wake mkubwa umerukwa. Nauandika hapa kwa ajili ya ndugu zetu na kwa wajane wa kanisa letu. Machozi bado yapo, ila nikimwandika mama napata kupumua.

Baba alitangulia miaka kadhaa kabla yake. Aligongwa na lori lililokatika breki kwenye mteremko, akiwa na pikipiki yake, anatoka kuangalia shamba la kahawa. Tulimzika kwao Isansa. Baada ya msiba mama akarudi Tunduma kwenye nyumba waliyoijenga pamoja, nyumba inayotazamana na barabara kuu. Anayeijua Tunduma anaelewa maana yake. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hupanga foleni mbele ya lango letu. Yanasogea kidogo, yanasimama, na kila yakisimama breki za upepo zinatoa ule mlio wake: pshhh!

Zamani mama alikuwa hausikii mlio huo, kama wewe usivyosikia saa ya ukutani kwako. Sasa kila mlio ulipotoka moyo ulimwenda mbio na viganja vikalowa jasho. Siku ya kwanza alipojaribu kwenda sokoni, lori lilipiga breki yeye akiwa langoni. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri. Tukamwinua, tukamrudisha ndani. Hakutoka tena.

Hapo ndipo akina mama wa kanisa walipoingia, na Mungu awabariki, maana waliingia kwa upendo mtupu. Kwetu mjane haachwi peke yake. Wanakuja kulala naye kwenye mikeka, wanapika, wanafua, na yeye hatakiwi kushika kitu mpaka msiba umalizwe. Kwa kawaida jambo hilo ni la siku chache. Lakini Ketrina, mwenyekiti wa akina mama na rafiki wa mama tangu ujana, alipomwona bado hawezi kutoka, akapanga zamu. Mmoja maji, mmoja ugali, mmoja kufagia. Siku zikawa miezi. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakakomaa, na mama yetu aliyezoea kujitwika gunia la maharage alikuwa hajaosha hata kikombe. Akina mama wakishamaliza kazi wanamzunguka na kumpa pole, naye analia. Wanaondoka wakiwa wameridhika kwamba wamemfariji.

Alikonda. Presha ikapanda. Watu wakaanza kusema. Wengine walisema kivuli cha marehemu kinamdai, apelekwe kwa mganga akasafishwe. Wengine, na hawa ndio waliomuumiza zaidi, walisema imani yake imepungua.

Kisha akaja baba mkubwa Barnaba, kaka yake baba, kutoka Isansa. Si mtu mbaya. Alileta ndizi na mkungu wa maneno ya upole.

“Shemeji,” alisema, “mimi sikufukuzi mjini. Lakini mtu asiyeweza kufika hata bombani ataishije hapa? Kule nimeshakupigia chumba lipu. Tukimaliza kuchuma kahawa tutakuja ukoo mzima kumaliza msiba. Siku hiyo tutaamua. Ukiwa bado hivi, tutafunga nyumba hii, na wewe tutaondoka nawe.”

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Barnaba alipokwisha kuondoka, akaniambia, “Isansa ni pazuri, mwanangu. Lakini nikienda namna hii, nitakuwa nimezikwa pamoja na baba yako.”

Niliona macho yake, nikajua anachokiomba kwa Mungu: abaki nyumbani kwake, aishi.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu, naye akamtuma Erica. Erica ni nesi, muumini mwenzetu, na aliwahi kusomea ushauri nasaha. Alikuja mchana, akamkuta mama mkekani na Ketrina akiosha vyombo uani.

“Mama Rozi, leo umefanya nini?” akamuuliza.

“Nimekaa.”

“Na jana?”

“Jana nilikaa vizuri zaidi.”

Wote wawili wakacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko cha mama tangu tumzike baba.

Erica hakuwa na haraka. Alimweleza kwamba mwili wake hauna kosa. Mwili ukiona hatari unapiga king'ora. Ndiyo maana moyo unakimbia. Kisha unapambana. Ukipambana muda mrefu bila kupumzika unachoka, na hapo ndipo usingizi unapotea na presha inapanda. Wataalamu wameliona hilo miaka mingi, kwa watu wa kila taifa.

“Kwa hiyo sijalogwa?” mama akauliza.

“Hujalogwa.”

“Na imani yangu?”

“Mama, hata mchungaji akikanyaga msumari anatoka damu. Hatumwulizi imani yake iko wapi. Tunamtoa msumari.”

Erica akaendelea, na maneno haya nimeyashika mpaka leo. Alisema kuna nadharia moja aliyosoma chuoni, kwamba mtu akikutana na jambo zito, ndani yake anajiuliza maswali mawili, haraka hata mwenyewe asijue. La kwanza: hiki kitanidhuru? La pili: nina nini cha kukikabili? Msongo unazidi pale la kwanza likijibiwa ndiyo, na la pili likijibiwa sina kitu.

Mama alitazama mikono yake, kisha akatazama uani.

“Sina kitu,” alisema. “Hata sahani zangu naoshewa.”

Ketrina alisikia. Alikuja akasimama mlangoni, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, uso umembadilika. “Kwa hiyo sisi ndio tuliomfanya mgonjwa?”

“Hapana, dada,” Erica akamjibu. “Mlimbeba alipokuwa hawezi kusimama. Watu ni dawa, hilo wataalamu wote wanakubaliana. Lakini mtu mzima akibebwa mpaka miguu ikasahau kazi yake, kushuka ndiko kunakokuwa kugumu.”

Ketrina aliondoka siku hiyo bila kuaga vizuri. Tuliogopa hatarudi.

Alirudi. Asubuhi iliyofuata alikuwa anavuka ua na ndoo kichwani, na mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa vita.

“Ketrina, nirudishieni ndoo yangu.”

“We Mama Rozi! Watu watasema nini? Mjane anachota maji na sisi tupo!”

“Waambie nimekuwa mkaidi.”

“Na ukianguka?”

“Nitalowa.”

Ketrina akaitua ndoo, akajaribu kubaki na uso wa hasira, akashindwa. Walikwenda bombani wote wawili. Bomba liko nyuma ya nyumba, mbali na barabara, lakini kwa mama ilikuwa safari. Alirudi amelowa kifua na mgongo, maana mikono ilikuwa imepoteza nguvu, na alikuwa anaimba.

Erica alikuwa amemwachia kazi moja ya kufikiri: atenge mambo yanayobadilika na yasiyobadilika, kwa sababu hayakabiliwi kwa njia moja. Jioni moja tukila, mama akaweka kijiko chini. “Nilikuwa nimechanganya,” alisema. “Nilimwomba Mungu amrudishe Osea, na nikakaa naililia barabara. Kumbe barabara ndiyo ya kuiendea, na Osea ndiye wa kumlilia.”

Basi akamlilia. Kila Jumapili baada ya ibada aliingia chumbani na picha yake, akalia mpaka akamaliza, akaomba, akanawa uso. Siku nyingine aliiendea barabara. Alianza kwa kuweka kigoda ndani ya lango na ungo wa maharage, anachambua, huku Ketrina amekaa pembeni anasuka ukili. Tulikuwa tumekubaliana Ketrina asimshike, akae tu. Lori likipiga breki, mama anafumba macho, anavuta pumzi ndefu, anaitoa taratibu, anarudi kwenye maharage. Alipozoea, kigoda kikahama nje ya lango. Kuna siku alikurupuka akamwaga ungo mzima, akakimbilia ndani akasema basi, Isansa kuna kahawa, nitachuma kahawa. Ketrina aliokota maharage punje kwa punje, hakusema neno. Siku iliyofuata mama akatoka tena.

Madereva wakamzoea. Mmoja, Mzambia mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa akisimama, anateremsha kioo na kumjulia hali kwa Kibemba: “Mulishani, bamayo?” Mama anamjibu kwa Kiswahili, “Sijambo, lakini gari yako inapiga chafya vibaya. Ipeleke hospitali!” Dereva anacheka mpaka usukani unatikisika. Ketrina anasema, “Muoneeni huruma, jamani, gari ya watu ina mafua.” Nilijifunza hapo kwamba kitu ukishakicheka, kinapungua kimo. Kinaweza kuuma bado, lakini unakiona mwisho wake.

Kahawa ikachumwa, ikaoshwa, ikaanikwa, na siku ya ukoo ikafika. Asubuhi mama akatwaa kapu lake. “Nakwenda sokoni,” akasema. “Wageni wangu watakula nitakachopika mimi.”

Soko liko ng'ambo ya barabara. Nilimfuata kwa nyuma bila kumkaribia. Alifika katikati ya foleni, kati ya malori mawili, na lile la kushoto kwake likatoa pumzi yote kwa mkupuo. Mama aliganda. Niliona mabega yanapanda. Nilitaka kukimbia nimshike. Nikamsikia anasema kwa sauti, kama anavyosema na mtoto aliyeamka na ndoto mbaya: “Nimekusikia. Nimekusikia. Sasa tulia, twende tukanunue nyama.” Alikuwa anauambia moyo wake. Akavuka.

Nyumbani, kama Ketrina alivyonisimulia baadaye, Barnaba na wenzake walikuwa wamekwisha kufika, na akina mama wa zamu, kwa mazoea, walikuwa wamebandika maji ya ugali. Barnaba alitikisa kichwa kwa huzuni. “Mnaona? Hata leo anapikiwa. Mwenyewe yuko wapi? Amelala?”

Mama akaingia na kapu kichwani.

“Shikamoo shemeji. Akina mama, asanteni, tokeni jikoni mkae kama wageni. Leo nawapikia.”

Alipika wali wa mchele wa Kamsamba, nyama, maharage na mboga, na kwa kuwa alikataa kusaidiwa, chakula kilichelewa sana. Ukoo ulisubiri. Barnaba alikohoa, akatoka nje, akarudi, akanusa. Mjomba mmoja akamnong'oneza, “Mwambie tu abaki, tule.” Lakini Barnaba alikuwa mtu wa utaratibu. Tulipokwisha kunawa akasema, “Shemeji, nimeona umepika. Nafurahi. Ila nyumba haiishi kwa chakula cha siku moja. Hayo magari je? Yakilia tena utafanya nini, nasi tukiwa Isansa?”

Mama alikuwa amesimama na bakuli la nyama. Nje, mtu fulani aliyekuwa hana habari na kikao chetu akapiga breki. Pshhh!

Alishtuka. Wote tulimwona. Mchuzi ulimwagika kidogo kwenye mkono wake. Ketrina akainuka nusu, akajizuia, akakaa.

Mama akavuta pumzi. Akaitoa. Akajifuta mchuzi.

“Nimeshtuka,” alisema. “Aliyeshtuka ni mimi, na aliyesimama ni mimi vilevile. Nitaendelea kushtuka labda mpaka Bwana anichukue. Zamani nilidhani nikishtuka nimekwisha. Sasa najua nikishtuka nafanya nini. Haya, nani anaongezewa nyama?”

Mjomba alinyoosha sahani kabla mwingine hajasema kitu. Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka barabarani. Ketrina alipiga vigelegele vya harusi, kwenye kikao cha msiba, na hakuna aliyemkemea. Barnaba alicheka mwisho, akafuta macho kwa leso. “Osea alioa kweli,” alisema. “Msiba umekwisha. Nyumba ni yako, shemeji. Kile chumba nitaweka mbolea.”

Mama alirudi kwenye meza yake sokoni baada ya hapo, akaishi miaka mizuri. Wanawake waliofiwa walikuwa wakiletwa kwake, na akina mama wa kanisa wakabadilisha desturi ya zamu: mjane anahudumiwa, lakini anaachiwa kazi moja anayoichagua mwenyewe. Ugonjwa uliomchukua haukuwa wa moyo. Nami sasa namlilia, na ninajua kulia kwangu si kushindwa, kwa sababu alinifundisha mwenyewe.

Ila nikimkumbuka, namwona asubuhi ile baada ya kikao, akimsindikiza Barnaba stendi. Shemeji yake, mzee wa vilima na mibuni, alikuwa amefika ukingoni mwa barabara akagoma. Malori yalikuwa yanaunguruma pande zote, naye amekumbatia begi lake, miguu haiendi.

“Shemeji, hivi haya mnayavukaje?” aliuliza.

Mama akamshika mkono. “Usikimbie,” akamwambia. “Mtazame dereva usoni, amekuona. Twende.”

Wakavuka, mama mbele.