Michoro yangu ya neva za mbuzi ilivyoitwa ramani, na aliyejua ukweli akakana

Wakuu, habari zenu nyote. Mie nnakaribia themanini, humu huwa nasoma tu. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mtu kauliza, wasomi wetu wa zamani walipotelea wapi. Ntakuelezeni mmoja alipotelea wapi. Chumvi siongezi, wengi wa wahusika washatangulia mbele ya haki.

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja mjini Unguja. Mkuu wangu alikuwa Maalim Khatibu, ndiye alonifundisha kushika hadubini. Pia alikuwa jirani yangu Mkunazini, mlango wa tatu kutoka kwetu.

Akaja daktari wa kigeni na utafiti wake. Alikuwa anachunguza seli za neva zinazoamrisha misuli. Zimo ndani ya ile kamba nyeupe laini inayopita kwenye uti wa mgongo. Ukinyanyua kikombe, amri imetokea hapo.

Kazi yangu ilikuwa kwenda machinjioni asubuhi, nichukue uti wa mbuzi ungali moto, niukate vipande, niuroweke kwenye dawa siku kadhaa, halafu kwenye maji yenye madini ya fedha. Maji yale yanaunguza ngozi ikawa nyeusi. Nikienda harusini nala huku naficha vidole.

Dawa ile inakamata seli chache tu. Lakini ikiikamata moja, inaigeuza nyeusi tii, shina mpaka ncha. Unaona kiwiliwili katikati, na matawi yanatoka kila upande, yanagawika mawili, kila moja linagawika tena, mpaka jicho linashindwa. Kitaalamu matawi hayo ni dendraiti. Kwa hayo seli inapokea habari kutoka kwa wenziwe.

Mie ndo nilikuwa nachora. Kuna kioo unakifunga juu ya hadubini, unaiona seli na karatasi yako kwa pamoja, unafuatisha kwa penseli. Seli moja siku tatu, nne. Nikafikisha karatasi zaidi ya sitini.

Niseme kidogo hapa, wakuu. Mtu akiyatazama matawi yale atasema yamejiotea ovyo. Wallahi hayakujiotea ovyo. Nilianza kupima unene kila panapogawika. Watoto ni wembamba kuliko mzazi, lakini kuna mizani baina yao. Na tawi lililotoka nene shinani ndilo linalokwenda mbali na kuzaa mengi.

Nilimwonesha Maalim Khatibu. Akatazama muda, akasema, "Saidi, hii umeiona weye. Andika jina lako."

Yule daktari mkataba wake ukaisha, akarudi kwao. Baada ya miezi ikaja barua yake: nafasi ya masomo ipo huku kwetu, njoo na michoro yote.

Zama zile huondoki kisiwani bila kibali. Nikaenda ofisi moja, sitaitaja, na karatasi zangu kwapani. Bwana mmoja akazikunjua mezani. Kila mchoro una namba, vipimo na mishale.

"Ramani ya wapi hii?"

"Si ramani, mheshimiwa. Neva za mbuzi."

"Mbuzi ana barabara?"

Wakacheka. Na mie nikacheka nao, ujinga wangu. Wao wakanyamaza mie bado nacheka.

Nikawekwa ndani. Ya humo sielezi.

Siku ya tano nikawaambia, muiteni Maalim Khatibu, yeye anajua kila kitu. Nilipolitaja jina lile nikahisi nshatoka.

Wakamleta asubuhi. "Shikamoo Maalim." Akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Wakamwekea mchoro mmoja mbele yake.

"Unakijua hiki?"

Akainama. Nikayaona macho yake yanafuata tawi moja, yanafika panapogawika, yanachagua upande, yanaendelea mpaka nchani. Asiyejua hatazami vile.

Akanyanyua kichwa. "Sikijui. Kijana alikuwa akichora mambo yake mwenyewe."

Wiki ya tatu wakaniachia. Kesi hakuna, samahani hakuna, kibali hakuna. Nilipodai karatasi nikaambiwa zimechomwa. Kazini nikarudishwa kuosha chupa, chini ya Maalim huyo huyo.

Mchana mmoja akaja kusimama nyuma yangu. "Saidi, walikuwa washamchukua ndugu yangu. Nina watoto sita. Ningesema nakijua, wangeniuliza nimekijuaje."

Nikaendelea kuosha. Akangoja kidogo, akaenda zake. Hatukulizungumza tena.

Baadaye sana nilisoma kuwa wataalamu wa nje walishapima jambo lile lile. Sisemi mie wa kwanza. Nasema nilikuwamo njiani.

Maalim alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mnajua kwetu, jirani hata mkigombana, jeneza lake unalipokea begani japo hatua saba. Mie nilisimama nyuma ya mlango, nikawasikia wanapita nalo. Sikutoka.

Miezi kadhaa baadaye, eda imekwisha, nikakutana na mjane wake sokoni. "Shikamoo Bi Zuhura." "Marahaba." Kisha akasema polepole, "Jeneza walilisimamisha kidogo pale mlangoni kwako. Wakikungoja."

Akachukua kikapu chake, akaenda.

Somo langu ni chungu, wakuu. Walionichomea karatasi siwakumbuki hata sura. Chuki yangu yote nilimpa mtu mmoja aliyenifundisha kazi, nikakaa nayo miaka hamsini na kitu hii. Kama alistahiki au nilimuonea, sijui bado.

Wenye wazee waliopitia zama hizo, leteni yenu. Na weye unayesoma, ungekuwa ndo Maalim siku ile, ungejibuje? Lakini usinijibu haraka.