Kibandiko cha mwanangu kiligeuka cheusi, mama yangu akashangilia

Wakuu, asalaam aleikum. Nimewaona mnabishana kuhusu soksi za kumvalisha mtoto mchanga, zinazopiga kelele kwenye simu akikosa pumzi. Wengine mnasema haya ni mambo ya juzi tu.

Mwanangu wa kwanza alivaa kipimo mwilini miaka ya tisini, hapa hapa Garissa, mtaa wa Iftin. Sijasimuliwa na mtu. Ni mimi nilizaa.

Abdi alikuja kabla ya wakati wake, kadogo mno. Kabla turuhusiwe kwenda nyumbani, nesi mmoja wa down Kenya, mbali na kwetu kaskazini, alimbandika kitu cha duara tumboni, kidogo kama kifungo cha shati, rangi ya kijani.

"Mama Abdi, hii ikikaa kijani mtoto ako sawa. Ikigeuka nyeusi, amepoa. Usingoje. Mvue, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike."

Hakuna waya, hakuna betri. Rangi tu. Nilikipenda papo hapo.

Sasa, kwetu ukijifungua unakaa ndani siku arobaini, na mwenye amri chumbani si wewe, ni mama yako. Wangu, Hooyo kama tunavyomwita mama kwa Kisomali, alitoka Wajir na mzigo wa uvumba na samli. Akamfunga Abdi uzi wa manemane mkononi wa kufukuza jicho baya, kisha akakiona kibandiko.

"Hirizi nzuri," akasema.

Nikamwambia, Hooyo, hicho ni kipimo cha baridi.

"Baridi? Garissa?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Na kweli, hapa watu hulala nje kwa joto. Lakini wiki hiyo mvua ilikuwa imekazana. Asubuhi moja Hooyo akamwogesha Abdi mlango ukiwa wazi, akampaka samli polepole, hana haraka na mtu. Mimi nimelala, nilikuwa nimepoteza damu nyingi.

Nikaamshwa na "Mashallah! Mashallah!"

Hooyo amekibandua kibandiko, kiko kidoleni mwake, cheusi tititi. Na anashangilia! Kwake yeye, hirizi ikigeuka rangi imeshalimeza jicho. Mtoto amepona, unaitupa. Hata mwenye jicho alishampata: jirani aliyemsifu mtoto jana yake bila kutaja Mungu. Maskini yule mama.

Nikamshika Abdi nyayo. Wakuu, baridi. Halii, hanyonyi, amelegea. Niliogopa vile sijawahi kuogopa tena maishani.

Ningeanza kubishana na Hooyo habari za hirizi, tungebishana mpaka tumzike mtoto. Lakini mimi ni binti yake, najua pa kumwingilia.

"Hooyo, jicho limekamatwa, sawa. Lakini baridi yake imebaki ndani ya mtoto. Inatolewa na kifua chenye joto, na mimi mwili wangu wenyewe ni baridi. Muweke kifuani kwako."

Akafunga mlango, akamfuta, akamwingiza ndani ya gauni lake, ngozi kwa ngozi, akajitanda shuka na blanketi juu. Mimi nikakirudisha kibandiko pembeni mwa tumbo la Abdi na kukishikilia kwa kidole, maana samli ilikuwa imeua gundi yote. Hooyo anasoma Qur'ani kwa sauti ya chini, mimi nachungulia chini ya blanketi kuangalia rangi.

Nyeusi. Bado nyeusi. Kisha ukingo ukaanza kuiva kijani, kidogo kidogo, mpaka kikajaa chote.

Abdi akapiga yowe. Yowe tamu, wakuu! Akaanza kutafuta titi kwa bibi yake. Hooyo alicheka na kulia kwa pamoja.

Kutwa nzima nilipewa mtoto wa kunyonyesha tu. Nesi alipopita kututazama, Hooyo akamuwahi kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisicho na "p": "Sister, mtoto alibata baridi. Mimi nabasha yeye na kifua. Leta hirizi ingine."

Akaletewa. Na safari hii nesi alimfundisha yeye, mimi nikitafsiri.

Abdi sasa ana watoto wake. Hooyo ametangulia, Allah amrehemu, na sikuwahi kumsahihisha. Joto lilikuwa lake.

Kwa hiyo nunueni hizo soksi, sina ubaya nazo. Ila maelezo mpeni yule atakayemshika mtoto wewe ukiwa umelala: mama, shangazi, dada wa kazi. Mwambie zikilia afanye nini kwa mikono yake.

Haya, uwanja ni wenu. Saa hizi unaposoma hapa, mtoto wako yuko mikononi mwa nani, na umemwambia nini?