Karai Lililombeba Yudita

Sisi tuliokulia Njombe enzi za Mwingereza hatukujua vitu vya kuchezea vya dukani. Tulikuwa na mto. Jumamosi mama zetu walipokwenda kufua, tuliokota chochote na kukitupa majini, tukibishana kama kitaelea au kitazama. Gunzi lilielea. Kiazi kilizama, hata kiwe kidogo namna gani. Kipande cha mwanzi kilielea kikatuacha. Miguu ilikufa ganzi kwa baridi, midomo ikapauka, na bado hakuna aliyetaka kutoka.

Shuleni, mwalimu alituletea kopo tupu na ndoo ya maji. Kopo likaelea. Akaliponda kwa jiwe mpaka likawa bapa, akalirudisha ndooni, likazama. Bati lilikuwa lile lile, uzito ule ule.

"Lilipokuwa na nafasi ndani lilisukuma maji mengi pembeni," alisema, "na maji hayo ndiyo yaliyolibeba. Hata likiwa zima, mkilijaza maji litazama vilevile."

Tuliyaimba maneno hayo kama tulivyoimba kila somo, kisha tukaenda kula viazi vyetu vya kuchoma.

Jumamosi moja ya masika, mama alimkalisha mdogo wangu Yudita, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, ndani ya karai kubwa ambalo baba alilinunua Makambako. Aliliweka kwenye mchanga wa ukingoni ili mtoto asichafuke matope. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Kule juu mto unakotoka mvua ilikuwa imenyesha, nasi hatukujua. Maji yalipanda polepole, bila kelele, na shangazi alipoinua kichwa karai lilikuwa limeshanyanyuka mchangani.

"Wifi," alimwambia mama, "mtoto anaondoka."

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Karai lilizunguka taratibu, likasogea mbali nasi, likanasa kwenye matete upande wa kina. Kila wimbi dogo lilimwaga maji ndani. Nililiona likishuka kidogo, likishuka tena. Nilijua kinachofuata, na sijawahi kuichukia shule kama siku ile. Yudita alimwona mama, akashika ukingo wa karai ili asimame.

"Kaa, mwanangu," mama alimwambia, kwa sauti ile ile ya kumbembeleza alale. "Kaa hivyo hivyo. Nakuja."

Mtoto akakaa. Mama aliunga kaniki zilizolowa fundo kwa fundo, akajifunga ncha moja kiunoni, nyingine akampa shangazi, nami nikaishika nyuma yake. Akaingia. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Muda wote alimsimulia Yudita habari za uji atakaompikia wakirudi, mkono wake ukiutafuta ukingo wa karai. Alipomnyakua mtoto, karai liliinama, maji yakaingia kwa pamoja, likatoweka.

Tuliwavuta mpaka nchi kavu. Mama aliketi kwenye matope, Yudita kifuani. Shangazi ndiye aliyelia. Nyumbani baba aliuliza karai liko wapi.

"Limezama," mama alijibu, akaendelea kupuliza moto.

Baba alizitazama nguo za mama zilizolowa, akamtazama mtoto, akampakata.

Sasa ninaishi Mahongole na wajukuu. Maji hutoka bombani, siku yakipenda. Wajukuu wanaijua kanuni ya kuelea, wanaiandika kwenye mtihani na kupata vema, lakini ukiwauliza kama kiazi kinaelea wanatafuta simu kwanza. Juzijuzi tuliwapeleka Njombe kuuona mto wetu, mimi na Yudita, ambaye siku hizi ana mvi nyingi kuliko mimi. Milingoti, ile miti inayokunywa maji, imeuzunguka, umebaki mkondo mwembamba. Mjukuu wangu wa mwisho aliuruka bila kuvua viatu, akageuka kuniuliza, "Bibi, sasa mto wenyewe uko wapi?"

Nilimwonyesha maji yalikofika siku ile. Alicheka kwa adabu, kama wanavyocheka wakidhani wazee tunaongeza chumvi. Yudita hakucheka. Alinishika mkono, tukasimama hapo mpaka watoto wakachoka kutusubiri.

Ningeweza, ningewapa mto ule wote kama ulivyokuwa. Hofu yake ningebaki nayo mwenyewe.